Dakika ya Chumba: Kwako Kishindo, Mpiga Ngoma wa Saruji Mbichi

Kwii. Kimya. Kwii tena.

Hatukuona kitu, Kaka. Tulisikia tu chuma kikavu kikisuguana na chuma, kama bawaba ya mlango unaosukumwa na mtu asiyetaka kuwaamsha wenzake. Kisha kiti kikalalamika, vile kinavyolalamika mtu mzito anapokikalia. Kisha mtu akasafisha koo. Mlio ulitoka kwenye redio kaseti yako, ndani ya stoo yako, na kiti chako cha ngoma kilikuwa palepale mbele ya macho yetu, kitupu, kimejaa vumbi, na juu ya vumbi hapakuwa na alama hata ya nzi.

Wiki hii umetimia mwaka tangu siku ile uliposimamisha sepetu ukutani saa sita mchana, ukasema, "Ngojeni nivute pumzi kidogo," ukakaa juu ya matofali uliyoyafyatua asubuhi, na hukuinuka tena. Matofali yale yalikuwa hayajakauka. Yalibaki na umbo lako, na hakuna aliyekubali kuyauza.

Sisi wa nyumbani kwako tunakuandikia wewe, lakini wengine nao wasome. Wapo waliokuita fundi matofali tu. Ulikuwa fundi matofali, ndiyo, na hakuna ukuta wako ulioanguka. Lakini kwa miaka kumi na moja ulikuwa pia mpiga ngoma wa bendi pekee ya roki katika mitaa yetu yote, na anayedhani hilo ni jambo dogo na ajaribu yeye.

Ilianza na kazi. Mwalimu wa hisabati alikuja kununua matofali ya kuzungushia nyumba yake, akakukuta unagonga mashine kwa sepetu ili tofali liachie. Paa, paa-paa, paa. Akasahau kilichomleta.

"Hebu rudia hapo," akasema.

"Nirudie tofali?"

"Rudia ulivyogonga."

Ukarudia. Mwalimu akaenda nyumbani, akarudi na gitaa la umeme alilokuwa akilificha nyuma ya kabati kwa kuogopa wazazi wa wanafunzi, na mkachelewesha oda za watu watatu. Wiki iliyofuata Kinyozi wa njia panda akajiunga, kwa sababu kulikuwa na gitaa la besi kibandani kwake ambalo mteja aliyehama mji alilisahau, nalo lilikuwa limening'inia kati ya kioo na taulo miaka miwili. Alijifunza kulipiga akiwa na mkasi mfukoni mwa shati. Alikuwa anaimba pia. Aliimba vibaya, lakini kwa nguvu, na wewe ulisema roki haihitaji zaidi ya hapo.

Jina mlipewa na mteja mwenye hasira. "Haya si matofali, haya ni saruji mbichi!" alifoka, akaondoka. Mlitazamana. Mkacheka mpaka Kinyozi akakaa chini. Kuanzia siku hiyo mkawa Saruji Mbichi.

Mlipanda jukwaani mara saba tu. Tunazijua zote kwa mpangilio. Kwenye ufunguzi wa duka la rangi mvua ilikata umeme katikati ya wimbo, nawe ukaendelea peke yako, kwa ngoma tupu, mpaka watu waliojikinga chini ya paa wakaanza kupiga makofi. Kwenye mahafali ya shule ya Mwalimu, mkuu wa shule aliwaomba mpunguze sauti. Mlipopunguza, akaomba mpunguze tena. Mara ya tatu ukamwuliza, "Mkuu, tuondoke au tubaki tukichezesha midomo?" Na yule mtangazaji wa redio aliyekubali kuwasikiliza ofisini kwake, baada ya dakika mbili akauliza kwa upole kabisa kama wimbo umeshaanza au bado mnapima mitambo. Ulirudi nyumbani ukamhadithia Mama huku unafuta machozi ya kicheko. Mdogo wako hakucheka. Yeye alitaka kwenda kumkunja shati mtangazaji.

"Kaa chini," ulimwambia. "Huyo katusikiliza dakika mbili nzima. Wewe mashairi yako nani kayasikiliza dakika mbili?"

Hivyo ndivyo ulivyokuwa. Ulichoma na kupuliza kwa pumzi ileile. Tofali lililovunjika pembe hukulitupa, ulimpelekea bibi wa nyumba ya pili mpaka akapata banda zima la kuku. Kijana akija kuomba kazi ulimuuliza kwanza kama amekula. Na hukuwa na kidole kisicho na plasta. Saruji ilikuwa imekula ngozi yako, basi plasta zilijaa mfukoni, na ulibandika kila kilichokuwa na ufa: mkono wa miwani ya Mama, mpini wa sepetu, kiatu cha binti yako. Mkeo alikuwa akisema, "Siku moja nitaamka nimebandikwa mdomo." Nawe ulikuwa ukimjibu, "Plasta yenyewe itatosha?"

Mazoezi yalikuwa Jumapili saa nane mchana, stoo, kati ya mifuko ya saruji iliyotengwa kwa turubai. Na kila zoezi lilianza kwa jambo ambalo hatujasikia bendi nyingine ikilifanya. Uliirudisha kaseti mwanzo kabisa, ukabonyeza kitufe chekundu cha kurekodia, ukasema, "Haya, nyamazeni, chumba kiongee." Kwa dakika moja hakuna aliyegusa chombo. Mlikaa. Kaseti ilizunguka ikirekodi bati likitanuka kwa jua, ndege darini, pumzi zenu. Kinyozi, aliyeshika saa, alizima dakika ilipotimia. Kisha mliisikiliza dakika ile, ndipo mkaanza kupiga.

"Chumba kinatangulia," ulisema. "Sisi ni wageni humu."

Mdogo wako aliuliza siku moja kama si kupoteza mkanda. Ulimtazama kama aliyetukana msikitini na kanisani kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye ugomvi, maana Mama amesema tusiufiche.

Wiki ya mwisho ya uhai wako ulikuwa na mapigo mapya yasiyo na maneno. Mdogo wako alikuandikia maneno. Hakufundishwa ushairi na mtu, alijifunza kwa kuhesabu mizani vidoleni akiwa kazini, na hakuna kitu alichokionea fahari kama ubeti ule:

Gonga nikusikilize, ukuta usinizibe,
Mchanga usinyamaze, saruji isinikabe,
Nikiondoka ulize, jina langu ulibebe,
Gonga tena uongeze, chumba chote kiitike.

Uliusoma umeegemea mashine, midomo ikicheza. Ulipofika mstari wa tatu ukasita.

"Nani kakwambia naondoka?"

"Ni shairi, Kaka."

"Shairi nalo lingeniuliza kwanza."

"Wewe hujui shairi. Unajua kugonga."

"Na wewe hujui kugonga, ndiyo maana unaandika."

Kinyozi alicheka, na kile kicheko ndicho kilichoharibu. Mdogo wako aliondoka akaubamiza mlango hata vumbi likashuka darini. Ulimwita kwa nyuma: "Nitakujibu Jumapili, we mkorofi!" Jumapili ilipofika hakuja. Alikaa nyumbani amenuna, akingoja umfuate. Kinyozi alisimulia baadaye kwamba zoezi lilipokwisha uliwaambia wenzako watangulie. "Nina kazi ndogo na mdogo wangu," ulisema, na wenzako wakashangaa, maana hapakuwa na mdogo wako pale.

Jumatano ukakaa juu ya matofali.

Kwa hiyo jibu halikufika. Wengine tulipokuwa tunalia kwa kukukosa, yeye alilia kwa hilo pia. Uliyakubali maneno yake au uliyakataa? Alitembea nalo swali hilo kama mtu mwenye jiwe kiatuni. Usimcheke. Ulikuwa mtu pekee ambaye neno lake lilikuwa na uzito kwake, na mliachana mlango ukiwa umebamizwa.

Miezi minane hakuna aliyeifungua stoo. Kisha mkeo akampa ufunguo. "Nendeni mkafungue," akasema. "Panya watakula ngoma zake."

Walikwenda watatu: mdogo wako, Mwalimu na Kinyozi. Kila kitu kilikuwa kama ulivyokiacha, vijiti viwili juu ya ngoma ndogo, redio kaseti juu ya mfuko wa saruji ulioganda, na kaseti ndani yake. Mwalimu alisema wapige wimbo mmoja wa kukuaga, wafunge, basi. Mdogo wako akakataa.

"Tunaanza alivyokuwa anaanza," alisema. "Dakika ya chumba. Kwenye kaseti yake hiihii, si nyingine."

Aliirudisha mwanzo, akabonyeza kitufe chekundu kwa kidole chake mwenyewe. Wakakaa dakika nzima wakitazama kiti chako. Bati lililia. Hapakuwa na kingine. Kinyozi akazima, wakarudisha nyuma, wakasikiliza.

Kwii. Kimya. Kwii tena. Hiyo ni pedali ya ngoma yako kubwa, uliyokataa kuitia mafuta. Kiti. Koo. Kisha sauti yako, ikitoka chini ya ukimya wao kama mtu anayeongea kutoka chumba cha pili:

"Mdogo wangu, yale maneno yako..."

Kinyozi aliruka akaizima. Hatumlaumu. Mwalimu alikuwa ameshafika mlangoni, naye ni mtu wa hesabu. Walisimama juani, jasho likiwatoka na vipele vya baridi mikononi.

"Mmesikia?" Kinyozi akauliza.

"Mimi sijasikia kitu," alisema Mwalimu, "na sitaki kusikia tena."

Lakini mdogo wako alikuwa amesikia, na alitaka sentensi iishe. Kwa akili yake, na kwa akili zao wote, mambo yalikuwa wazi: walinyamaza, ukazungumza. Basi wakinyamaza tena, utazungumza tena. Jumapili iliyofuata akawaburura kurudi. Kaseti mwanzo, kitufe chekundu, dakika ya ukimya, sikiliza.

Ulikuja, lakini kwa mbali. "Mdogo wangu..." na yaliyofuata yalikuwa mvumo, kama mtu aliyefunikwa blanketi. Jumapili ya tatu, jina lile la "mdogo wangu" likabaki nusu. Ya tano, kiti hakikusikika tena. Kila walipokuita ulirudi nyuma hatua moja. Na kila ulipofifia, yeye alizidi kushupaa.

"Anatukwepa," Kinyozi alisema.

"Anataka tutulie zaidi," alisema mdogo wako. "Wewe unapumua kama ng'ombe, ndiyo maana."

"Nisipumue?"

"Dakika moja tu! Utakufa?"



Jumapili kumi na nne, Kaka. Hawakupiga hata wimbo mmoja. Saruji Mbichi, bendi ya kishindo, ilikuwa imegeuka kuwa watu watatu wanaokaa kimya mbele ya kiti. Majirani waliokuwa wakilalamikia kelele wakaanza kulalamikia ukimya. Walipita upande wa pili wa njia. Mtu akamwambia Mama sokoni kwamba wanawe wanazungumza na marehemu kwa redio.

Walikuwa wamemficha kwa ajili ya presha yake. Jumapili ya kumi na nne, walipokuwa ndio kwanza wamemaliza dakika na kusikiliza, na humo ndani palibaki kwii moja tu, nyembamba kama uzi, mlango ulisukumwa. Mama aliingia. Hakuwahi kukanyaga stoo ile tangu ijengwe. Alikuwa akisema saruji inamkaba. Alipindua ndoo, akakaa, akawatazama mmoja mmoja kama watoto waliokutwa na sukari mdomoni.

"Yuko wapi?" akauliza.

Mdogo wako akanyoosha kidole kwenye redio kaseti.

"Anasema nini?"

"Alianza kunijibu, Mama. Siku ya kwanza. Sasa hasikiki."

"Na nyie mnafanya nini kumsikia?"

Akamweleza yote: mwanzo wa kaseti, kitufe, dakika. Mama alisikiliza amekunja uso. Alikuuguza utotoni, alikufulia mashati miaka ishirini, alijua mifuko yako ilikuwa na nini.

"Mwalimu," akasema, "fungua hicho kidude utazame ndani. Mwanangu hakuwa na kitu asichokibandika."

Mwalimu alifungua mdomo wa kaseti, akamulika kwa simu, akainama. Alikaa muda mrefu ameinama vile. Kisha akainuka.

"Kuna plasta," akasema.

Ilikuwa imebandikwa juu ya kichwa cha kufutia, kile kichuma kidogo kinachosafisha mkanda kabla sauti mpya haijaingia. Ilikuwa na alama ya kidole gumba chako, ya kijivu, imekauka. Mwalimu alieleza taratibu, kama anavyoeleza darasani. Ukikiziba kichwa kile, sauti ya zamani haifutwi, mpya inalazwa juu yake. Ndivyo ulivyokuwa ukifanya ulipotaka kupiga ngoma kwanza kisha kuongeza kitu juu, nawe ulikuwa na desturi ya kuibandua ukimaliza. Safari hii hukuibandua. Jumapili ile ya mwisho ulikaa hapa peke yako ukarekodi jibu lako, tangu mwanzo wa kaseti.

"Kwa hiyo hakuwa anatujia," alisema Kinyozi. "Alikuwa humo siku zote."

"Alikuwa humo," alisema Mwalimu. "Na kila tulipobonyeza chekundu tulimlazia tabaka juu. Sauti mpya haifuti yote, lakini inaila ya chini. Kidogo kidogo."

Mdogo wako alikitazama kidole chake. Kumi na nne. Kila Jumapili, kwa heshima zote, akiwa amekaa wima na kuzuia pumzi, alikuwa akikumwagia sepetu moja ya ukimya. Jibu alilolitaka kuliko kitu chochote duniani alilizika mwenyewe, na aliwagombeza wenzake kwa kutomsaidia vizuri.

Alipiga kelele. Alipiga teke turubai, vumbi la saruji likajaa chumba. Alisema maneno ambayo hatuyaandiki hapa. Alitaka kuitoa kaseti aiponde. Kinyozi alimshika mikono kwa nyuma, na ni Mama aliyesema, bila kupandisha sauti:

"Dakika moja mmeifukia. Kaseti ina dakika ngapi?"

Wote wakageuka.

"Upande mmoja, thelathini," alisema Mwalimu.

"Na baada ya hiyo moja kuna nini?"

Hawakujua. Kinyozi alikuwa akizima dakika inapotimia, kila mara, kwa mazoea ya miaka kumi na moja na kwa woga wa miezi mitatu. Hakuna aliyewahi kuiacha iende.

"Basi iacheni iende," alisema Mama.

Mwalimu alibandua plasta kwa ukucha, akaihifadhi ndani ya kitambaa chake, akabonyeza kitufe cha kusikiliza. Dakika ikapita, kwii ile nyembamba ikapita, ukimya wa Jumapili kumi na nne ukapita kama mto wenye tope. Kisha pakasikika mkato mdogo, tk, pale ambapo kitufe kilikuwa kikizimwa.

Ukaingia. Kaka, uliingia kama mtu aliyefungua mlango. Ngoma kubwa, ngoma ndogo, matoazi, wazi kabisa, karibu kabisa, hata ngoma halisi iliyokuwa pale kwenye kona, nyaya zake za chini zikaanza kuchachatika zenyewe kuitikia. Kinyozi alimshika Mwalimu begani. Na juu ya ngoma ulikuwa unaimba. Wewe uliyekataa kuimba miaka kumi na moja, uliyesema sauti yako ni ya kuitia mbwa! Uliimba ubeti wote, mstari wa tatu nao, "nikiondoka ulize", hukuuruka, hukuubadili. Uliurudia. Ulipokosea mizani ulisimama, ukatukana kidogo, ukaanza upya, kwa utiifu wa mwanafunzi, mpaka neno likakaa penye pigo lake.

Mdogo wako alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, uso kati ya magoti. Maneno ya dakika ile ya kwanza hatayapata kamwe, na anajua ni nani aliyeyafukia. Lakini mtu hawezi kukosea wimbo mara nne na kuurudia mara ya tano kama ameukataa.

Ulipomaliza ulicheka peke yako. Kijiti kikawekwa juu ya ngozi. Kisha, ndani ya stoo ambamo ulikuwa mtu mmoja tu, ukasema:

"Haya, nyamazeni, chumba kiongee."

Nao wakanyamaza. Hata Mama alinyamaza. Kaseti ikazunguka. Bati likatanuka, na haikujulikana kama ni bati la siku ile au la leo. Ndege. Pumzi. Na pumzi zile hazikuwa za mtu mmoja. Mama alizihesabu kwa vidole juu ya paja lake, akafika nne, akaanza tena, akafika tano. Mwalimu alisema huenda mkanda ulikuwa na mazoezi ya zamani chini yake, kwa kuwa plasta ilikuwepo. Aliyasema hayo akiwa ameikamata redio kaseti kwa mikono miwili.

Kisha mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, mara mbili, cha mwanamke mzima.

Mama alianza kukohoa hivyo baada ya kukuzika. Kinyozi anaapa mpaka leo kwamba ni Mama aliyekohoa palepale alipokaa, juu ya ndoo. Mama anasema hakukohoa. Tumemuuliza mara nyingi, na kila mara hutujibu vilevile: "Mimi nilikuwa nimenyamaza. Nilikuwa nasikiliza."

Mkanda ukaisha, kitufe kikaruka chenyewe.

Hatuna la kuongeza juu ya hilo. Tumelieleza kama lilivyokuwa, wala hatukutia chumvi, na asiyeamini hatumgombezi.

Tulichokuja kukuambia ni hiki. Tumekuwa tukikukosa katika mambo madogo: mezani pale ambapo kila mtu ana kijiko chake kwa sababu hakuna wa kukinyang'anya agongee sahani, asubuhi ambapo mashine inafyatua kwa mkono wa mtu mwingine, sawasawa, bila mdundo. Binti yako anagonga dawati shuleni mpaka anatolewa nje, na mkeo anaitwa, anaenda, anarudi amefunga uso huku ndani anachekelea. Kaseti iko kwa Mama, imefungwa katika kanga, na plasta yako imefungwa pamoja nayo. Vijembe vyako bado tunavikumbuka vyote, wala hatujapata majibu.

Wanaokutaja kila siku ni Mama yako, mkeo, binti yako, dada yako na wanawe, shangazi aliyetamba juu yako kwa kila mtu hata kwa wasiouliza, mdogo wako, na Mwalimu na Kinyozi, ambao tumeacha kuwahesabu kama marafiki, wameshakuwa ndugu. Muda wote nyumba hii itakapokuwa na mtu ndani, hutakuwa umesahaulika.

Jumapili ile, walipokuwa wanatoka, Mama alisimama kizingitini akamzibia mdogo wako njia.

"Mwenzio kajibu," alisema. "Wewe je? Utakaa unakitazama hicho kiti mpaka lini?"

"Mama, mimi sijui kupiga ngoma."

"Sijakuuliza unachojua."

Wenzake walikuwa wanamtazama. Majirani walikuwa wanatazama pia, kutoka upande wa pili wa njia. Akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi, ukabaki mweupe kama wa mtu aliyetoka kazini, akamjibu kwa sauti iliyofika kule ng'ambo:

"Jumapili ijayo, saa nane, mlango wazi, nitakaa nipige, na huo ubeti nitauimba mwenyewe mpaka mwisho. Nikikosea mara nne, Mama, nitarudia mara ya tano."